Mianya Iliyofichika Ndani ya Kigumu



Vijana wengi wa shule za sekondari, wakisikia habari za roketi, huuliza jambo moja ambalo naona linastahili kujibiwa kwa utulivu na kwa ukamilifu, nalo ni hili: yawaje roketi ndogo iliyoundwa na mtu kwa mikono yake, ambayo bonge lake la fueli lilionekana gumu, laini na lisilo na ufa wowote, ipasuke vipande vipande katika sekunde ya kwanza badala ya kupaa? Jawabu ni kwamba aghalabu ila haikuwa juu bali ndani, katika mianya ya hewa iliyojificha tumboni mwa kile kigumu, na mwenye kuunda hakuwa na njia ya kuijua. Nasema hakuwa na njia, wala sisemi hakuwa na bidii, na tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo nitakayoieleza jioni hii.

Mfano mkubwa wa kazi hii uko katika Afrika Mashariki yetu wenyewe. Kaskazini ya Malindi, katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, yaliwekwa katika miaka ya 1960 majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu yake, moja likiitwa San Marco na jingine Santa Rita, na aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Mwitaliano, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu sana na Ikweta, pungufu ya digrii tatu upande wa kusini, na roketi irukayo kuelekea mashariki kutoka Ikweta hupata bila gharama mwendo wa dunia yenyewe inavyojizungusha, ambao hapo ni takriban kilomita 1,670 kwa saa. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo, na tangu siku hiyo mpaka mwezi wa Machi 1988 roketi tisa za aina ya Scout zilipaa kutoka katika maji ya Kenya zikiwa zimebeba setilaiti za Italia, za Marekani na za Uingereza. Scout ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 23, na vipande vinne vilivyopandana, kila kimoja na injini yake. Na injini zote nne ziliwaka kwa fueli yabisi, yaani fueli iliyomiminwa ikiwa uji mzito kisha ikaachwa igande, hata ikawa bonge moja gumu lililoshikamana na ukuta wa bomba lake.

Sasa tazameni namna bonge kama hilo linavyowaka, maana humo ndimo ilimo siri yote. Fueli yabisi haiwaki yote kwa pamoja, bali huwaka juu ya uso wake tu, tabaka baada ya tabaka, na moto huingia ndani kwa milimita chache katika kila sekunde. Kiasi cha gesi kinachozaliwa hufuata ukubwa wa uso unaowaka: uso ukiwa mpana gesi ni nyingi, uso ukiwa mdogo gesi ni kidogo. Gesi hiyo hutoka kwa nguvu kupitia koo jembamba la nyuma, na kule kutoka kwake ndiko kunakoisukuma roketi mbele. Basi mhandisi hupiga hesabu akajua uso utakuwa na upana gani katika kila sekunde ya safari, naye aghalabu huacha tundu katikati ya bonge tangu mwanzo mpaka mwisho wake, pengine tundu lenye umbo la nyota, ili moto upate uso wa kutosha tangu mara ya kwanza. Huo ni uwazi wa makusudi, nao umo katika hesabu. Uwazi tunaouzungumzia sisi ni ule uliojiingiza wenyewe, usioalikwa wala kuhesabiwa.

Hebu tufuate moto unapoukuta uwazi wa namna hiyo. Ukitembea tabaka kwa tabaka, unafika kwenye povu la hewa, na mara moja kuta zote za povu zinashika moto, hata uso ambao ulikuwa na kipimo chake unaongezeka ghafla. Povu moja dogo halina taathira kubwa. Lakini mapovu yakiwa mengi na yaliyokaribiana, au pakiwa na ufa mrefu unaoingia ndani, au fueli ikiwa imebanduka kutoka katika ukuta wa bomba ikaacha nafasi ambayo jicho haliwezi kuifikia, gesi huzaliwa kwa wingi kuliko koo liwezavyo kuitoa. Mgandamizo unapanda, na tabia ya fueli hizi ni kwamba mgandamizo ukipanda, mwako nao huenda kasi zaidi, na mwako ukienda kasi, gesi huzidi tena. Mambo haya yakisha kushikana hivyo hayampi mtu nafasi ya kufanya lolote, kwa maana yote hupita katika muda usiotosha hata kugeuza uso. Bomba likizidiwa hupasuka, na vipande vyake huruka kila upande. Tena ule moto unaopita kati ya fueli na ukuta huugusa ukuta mapema, wakati ambapo ungepaswa kuwa bado umekingwa na unene wa fueli, na chuma kilichopata moto hakina nguvu ya chuma baridi.

Wenyewe waliounda Scout walifunzwa hadhari kwa masaibu. Katika miaka yake ya mwanzo roketi hiyo ilishindwa mara nyingi mno, na mwezi wa Julai 1963 moja iliharibika mara tu ilipoondoka Wallops, katika pwani ya Virginia huko Marekani. Sababu ya siku ile ilikuwa moto uliotoboa koo la injini, wala haikuwa mapovu katika fueli. Lakini dawa iliyotumika inatuhusu sana, kwa kuwa hawakutosheka kulitengeneza lile koo peke yake. Roketi zilizokwisha kuundwa zilirudishwa kiwandani, zikafunguliwa, zikapigwa eksirei, zikaunganishwa upya kwa utaratibu mmoja ambao kila fundi alitakiwa kuufuata kila mahali. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya mwaka mzima, na baada yake Scout ikawa miongoni mwa roketi za kuaminika kuliko zote za zama zake. Mimi naliheshimu sana jambo hili. Watu waliokuwa na fedha, viwanda na elimu walikiri kwamba hawajui kilichomo ndani ya kitu walichokiunda wenyewe, wakasimamisha kazi mpaka wajue.

Na njia ya kwanza ya kujua, ambayo ni kongwe kuliko roketi kwa karne nyingi, ni mizani. Kila maada ina uzito wake katika ujazo fulani, ambao vitabu vya shule huuita densiti: lita moja ya maji ni kilo moja, na lita moja ya chuma ni karibu kilo nane. Ikiwa mtu anajua densiti ya kila kiungo alichokichanganya, na kiasi cha kila kimoja, anaweza kupiga hesabu akapata densiti ambayo mchanganyiko ungekuwa nayo lau usingekuwa na tone la hewa ndani yake. Kisha hulipima bonge lenyewe. Likionekana jepesi kuliko hesabu, upungufu ule ni hewa, maana mizani haina haya ya kusema iliyoyaona. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, aliunda chombo chenye shingo nyembamba ambacho humwaga maji kwa kadiri ile ile ya kitu kilichotiwa ndani yake, na kwa chombo hicho alipima madini na vito kwa usahihi ambao hata leo unatustaajabisha. Na baada yake al-Khazini, mwaka 1121, aliandika kitabu kizima juu ya mizani ya namna hiyo, akakiita Mizani ya Hikima, ambamo anaeleza jinsi ya kuitambua dhahabu halisi na iliyochanganywa bila ya kuikata wala kuiyeyusha. Haja yao na haja ya mhandisi wa roketi ni moja, nayo ni kuyajua ya batini bila ya kuuharibu mwili wa kitu.

Elimu hiyo inaweza kufanyiwa mazoezi hapa hapa Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, tena bila hatari yoyote, kwa tofali la kuchoma. Nchi yetu hii imejengwa kwa tofali. Nendeni katika bonde lolote lenye udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi, mtamkuta fundi akikanyaga udongo kwa miguu mpaka ulainike, akiukata bonge, akiutupa kwa nguvu katika kalibu ya mbao iliyoloweshwa maji, kisha akiufuta juu kwa ubao na kuugeuza ukalale chini ukauke. Kule kuutupa kwa nguvu hakukufanywa kwa fahari. Udongo uliowekwa polepole huacha hewa katika pembe za kalibu na katikati, na tofali likitoka huonekana zima, lakini siku ya tanuri unyevu uliojificha katika mianya ile hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia, na tofali hutoka na ufa au hukatika vipande viwili. Baada ya tanuri kupoa fundi huchukua matofali mawili akayagonganisha. Lililo zima hulia kwa sauti kali kama ya chuma. Lenye ufa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa, naye huliweka kando bila ya kuuliza zaidi. Mafundi wengi waliokwisha kuzoea huijua sauti hiyo hata wakiwa wamegeuka upande mwingine.

Sauti inamtosha fundi, lakini mwanafunzi hana budi kuandika hesabu. Basi na achukue mizani ya kuning'iniza, ndoo ya maji na uzi imara. Kwanza alipime tofali likiwa kavu kabisa. Kisha alitie majini, na kama ana sufuria kubwa alichemshe humo kwa saa kadhaa ili hewa itoke na maji yaingie, aliache lipoe ndani ya maji yale yale. Alining'inize kwa uzi likiwa limezama lote bila ya kugusa ubavu wala chini ya ndoo, asome uzito wake humo majini. Mwisho alitoe, alifute maji ya juu kwa kitambaa, alipime tena likiwa limelowa. Tuseme, mathalan, tofali kavu ni kilo 2.7, lililolowa ni kilo 3.2, na lililoning'inizwa majini ni kilo 1.6. Uzito uliopotea majini ni kilo 1.6, na kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, basi tofali zima lina ujazo wa lita 1.6. Maji yaliyoingia ndani ni kilo 0.5, maana yake mianya iliyonywa maji ni nusu lita, karibu sehemu 31 katika kila mia ya tofali lile. Densiti ya tofali zima ni 2.7 kwa 1.6, yaani kilo 1.69 kwa kila lita.

Nawaomba hapa tusiharakishe, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea. Maji huingia katika mwanya wenye mlango tu. Povu lililozungukwa na udongo mgumu pande zote halinywi tone, na kipimo tulichokifanya hakina habari nalo. Ili kulipata, mwanafunzi achukue kipande cha tofali lililovunjika la tanuri lile lile, akitwange mpaka kiwe unga laini usio na nafasi ya kuficha hewa, aupime unga huo katika chupa yenye shingo nyembamba kwa namna ya al-Biruni, aone lita moja ya udongo mtupu ingekuwa na kilo ngapi. Tuseme amepata kilo 2.6. Sasa kilo 2.7 za tofali letu zingetaka lita 1.04 tu lau zingekuwa udongo mtupu, ilhali tofali lina lita 1.6, tofauti ni lita 0.56, yaani sehemu 35 katika mia. Tukiondoa zile 31 zilizonywa maji, zimebaki 4, nazo ni mapovu yaliyofungwa ambayo macho, maji na kidole vyote vilishindwa kuyapata. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyefundishwa kanuni ya Arkimedi anaiweza hesabu hii, na akiifanya mara moja kwa mikono yake haitamtoka kichwani.

Tofali husamehe. Lenye sehemu 35 za uwazi katika mia hujengewa nyumba ikakaa miaka, na kwa hakika mianya ile huisaidia nyumba isiwe na joto kali. Fueli yabisi haina msamaha wa namna hiyo, na upungufu mdogo wa densiti, ambao katika tofali hakuna ambaye angeujali, huwa kwa mhandisi sababu tosha ya kulikataa bonge zima. Kwa ajili hiyo viwanda humimina fueli ndani ya vyumba vilivyonyonywa hewa, huulinda mchanganyiko na unyevu, na huacha ugande taratibu kwa joto lisilobadilikabadilika, maana bonge linalojikunyata kwa haraka hujichana lenyewe kwa ndani.

Hata hivyo, mizani nayo ina upeo wake. Inakuambia kiasi cha uwazi, haikuambii ulipo. Mapovu elfu madogo yaliyotapakaa na pango moja kubwa lililo karibu na ukuta huweza kupunguza uzito kwa kadiri ile ile moja, na ya kwanza huenda yasidhuru, na la pili likaua. Kwa hiyo, baada ya mizani, bonge hupelekwa mbele ya eksirei, ambayo hupita kwa wepesi mahali palipo na hewa na kwa uzito mahali palipojaa, ikaacha picha. Au hupelekewa mawimbi ya sauti kali yasiyosikika kwa sikio, nayo yakirudi huleta habari za ufa yaliokutana nao. Hapa ndipo ninaporudi kwenye neno nililolisema mwanzoni. Kijana aliye nyumbani, awe Kasulu au London, hata akiwa hodari wa mikono kupita wote, hana eksirei, hana chumba kilichonyonywa hewa, wala hana ukuta wa zege wa kujikinga nyuma yake wakati wa kujaribu. Hawezi kuitambua ila hiyo ya ndani kabla ya moto kuitambua. Ndiyo maana sikutaja wala sitataja viungo vya fueli hiyo, wala namna ya kuipika. Sioni insafu kumpa mtu nusu ya elimu ambayo nusu yake ya pili ndiyo inayomhifadhi macho na vidole. Na sheria za nchi, ambazo hazimruhusu mtu kutengeneza vitu vya kulipuka bila ya leseni, katika jambo hili zimesimama upande wa mzazi.

Na msije mkadhani kwamba nawakatisha vijana tamaa. Ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, katika nchi ya Kongo, mhandisi Jean-Patrice Keka aliunda na kurusha roketi alizoziita Troposphère kutoka Menkao, na baadhi zilipaa, na baadhi zilishindwa. Naye alikuwa mtu mzima mwenye taaluma, akifanya kazi na wenzake mahali palipotengwa. Tena kumbukeni kwamba mojawapo ya Scout zile tisa za Ngomeni iliondoka tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Kazi ya Uhuru ilikuwa kuitazama mbingu kwa eksirei. Iliendelea mpaka mwaka 1973, na orodha iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya eksirei angani. Na Riccardo Giacconi, aliyeuongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Mwanga ule ule ambao mafundi waliutumia kuchungulia ndani ya injini ndio ambao setilaiti ilikwenda kuutafuta katika nyota. Mambo haya yalifanyika pwani ya bahari yetu, na wavuvi wa Ngomeni waliyaona kwa macho yao.

Kwa walimu wa sayansi wanaonisikiliza nina ombi la muhula ujao. Watakeni wanafunzi wakusanye matofali kutoka tanuri mbalimbali za Kibondo, Kasulu na Kitanga, wayapime kwa njia ile ya mara tatu, wayagonge na kuandika sauti kabla ya kupima, kisha walinganishe orodha ya masikio na orodha ya mizani. Wanaotaka kurusha kitu angani wapeni chupa ya plastiki ya soda, maji yaijaze theluthi yake, kizibo cha mpira kilichotobolewa kupokea sindano ya pampu ya baiskeli, na kigingi cha kuisimamisha uwanjani mdomo wake ukiwa chini. Mwenye kupampu asimame mbali kadiri mpira wa pampu unavyoruhusu, asiiinamie chupa, na wenzake wawe nyuma yake. Itapaa kwa kanuni ile ile ya Scout, maji yakitoka chini nayo ikienda juu. Waibadilishe kadiri ya maji, robo, theluthi, nusu, wapime kila mara imefika wapi, na daftari la vipimo hivyo lihifadhiwe shuleni, ili darasa la mwaka unaofuata lianzie pale hili lilipoishia.